Tiki Moja

Saa za Riyadh na Jeddah ndizo saa za Mombasa. Miji yote mitatu imo saa tatu mbele ya Greenwich, na aghalabu jambo hili husifiwa kuwa baraka kwa waliosafiri: hakuna kuhesabu vidole kabla ya kupiga simu. Kwa mfanyakazi wa ndani, hata hivyo, usawa huo ni balaa. Anayesugua sufuria ya mwisho saa sita za usiku huko Riyadh huishika simu wakati mamake kule Kisauni keshalala. Mwenzake aliye Chicago, akitoka kazini saa sita hiyo hiyo, humkuta mama yake anakunywa chai ya asubuhi.

Ndiyo maana mazungumzo yao huwa ya sauti zilizorekodiwa. Mmoja husema usiku, mwingine hujibu alfajiri. Ipo pia sababu ya kisheria, kwani mpaka Septemba 2017 serikali ya Saudia ilikuwa imezifunga simu za intaneti, na waliozoea kutumiana sauti wakabaki na mazoea yao. Lakini desturi yenyewe ni kongwe kuliko simu janja. Zamani jamaa wa Pwani walioko Arabuni walirekodi kanda za kaseti, zikabebwa na msafiri yeyote aliyekuwa akirudi, na ukoo mzima ukaketi kusikiliza. Kaseti ilikuwa na ubora mmoja ambao simu haina: ikishafika mkononi mwa mama, ilikuwa yake.

Simu anayoitumia shagala, kama wengi wanavyojiita kwa neno la Kiarabu, ni yake kwa jina. Mara nyingi ni ya mtumba, imeachwa na Mwindonesia au Mganda aliyemaliza mkataba, au imenunuliwa kwa mkono wa dereva katika vichochoro vya Batha mjini Riyadh au Al-Balad mjini Jeddah. Mwaka 2016 Wizara ya Kazi iliamuru kwamba kuuza na kutengeneza simu iwe kazi ya raia wa Saudia peke yao, na mafundi wa kigeni wakaondoka madukani. Simu hizi basi hupita kutoka mkono hadi mkono pamoja na maradhi yake yote: betri iliyovimba, kioo kilichopasuka, kibodi ya lugha asiyoijua. Nyingine hupatikana kwa bei ya kustaajabisha, kisha ikifutwa upya hudai nywila ya mwenyewe wa kwanza, ambaye yuko Java na hana habari.

Bando ni habari nyingine. Wakenya wengi huajiriwa kwa riyali 900 au 1,000 kwa mwezi, na kila riyali imekwisha pangiwa kazi nyumbani kabla haijapokewa. Hata hivyo fedha si kizuizi kikubwa zaidi. Tangu 2016 laini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya iqama, yaani kibali cha ukaazi, na asiyetoka nje ya geti hana njia ya kufika dukani kuweka kidole. Hubaki na waifai ya nyumba. WhatsApp haina neno: namba ya Kenya iliyosajiliwa kabla ya safari huendelea kufanya kazi ndani ya simu isiyo na laini yoyote. Simu ni yake, namba ni yake, sauti ni yake. Njia inayopitisha sauti ni ya mwenye nyumba.

Wapo mabinti wawili wa Kisauni, watoto wa dada wawili, mmoja Riyadh na mwingine Jeddah, kilomita zipatazo 950 kati yao. Siku moja fundi alikuja katika nyumba ya Jeddah, akang'oa rauta ya zamani na kuweka mpya. Watu wa nyumba waliingiza nywila mpya katika simu zao na katika televisheni. Hakuna aliyeikumbuka simu iliyokuwa ikichajiwa juu ya friji. Haukuwa ukatili. Mama wa nyumba ile hulipa kwa wakati na hapigi kelele. Binti mwenyewe humsifu. Lakini kuomba nywila ni kuomba, na mtu aliyekwisha omba dawa ya meno na ruhusa ya kulala mapema katika wiki ile ile huyachagua maombi yake.

Kisauni ikaonekana tiki moja ya kijivu: ujumbe umetoka, haujapokelewa. Habari za mabinti waliorudishwa katika masanduku zimeifunza Pwani kuusoma ukimya kwa namna moja tu. Siku ya nne mama alikwenda kwa wakala, akaambiwa asubiri. Siku ya tisa aliacha kupika chakula cha jioni. Binti wa Riyadh, ambaye hata yeye hana bando, akageuka kuwa ofisi ya ukoo.

"Mwanangu, nduguyo umempata?"

"Bado, mama mdogo. Tiki moja."

Jambo ambalo hakuna aliyelijua katika ukoo ni kwamba WhatsApp huuhifadhi ujumbe usiofika kwa siku 30, kisha huufuta. Kila alfajiri mama alirekodi sauti mpya, na kila sauti ilianza kuhesabiwa siku zake.

Siku ya 23 mtoto wa nyumba ya Jeddah, mwenye miaka tisa, aliichukua simu ya shagala wao ili acheze, maana yake ilikuwa imeisha chaji. Mchezo ukakataa kufunguka. Akaandika nywila kwa kidole kimoja, bila kumwuliza mtu. Simu ikaanza kutetemeka, ikatetemeka mpaka mtoto akaiweka chini. Zilikuwa sauti 41. Za kwanza zilizungumzia bei ya mchele na harusi ya jirani. Za katikati ziliuliza. Za mwisho hazikuwa na maneno ya mazungumzo tena, ila uradi unaosomwa polepole na jogoo anayewika nyuma yake.

Tangu hapo binti wa Riyadh amemdai nduguye jambo moja. Simu isiyo na bando huijua mahali ilipo, kwani ishara za setilaiti hazilipiwi, na nukta ya buluu husimama juu ya ramani iliyohifadhiwa hata nywila ikibadilishwa. Haiwezi tu kumwambia mtu. Na yule mdogo, baada ya miezi 14, hakujua jina la mtaa anaoishi. Kando ya geti kuna kibao cha Anwani ya Taifa, chenye herufi nne na tarakimu nne zinazotosha kulitambulisha jengo hilo moja katika Ufalme mzima. Alfajiri moja, akitoa taka, alikipiga picha akaituma. Dada yake hakuiacha katika simu, kwa kuwa betri imeanza kuinua kifuniko. Alinakili herufi na tarakimu kwa kalamu katika daftari, akamsomea mama mdogo kwa sauti iliyorekodiwa, mara mbili, polepole. Mama mdogo akamwita kijana wa jirani, akaziandika kwa chaki nyuma ya mlango.