"Itakubali" Sio Hesabu

Wacha niseme kitu ambacho kitaudhi watu wawili kwa mpigo. Wa kwanza ni fundi anayeangalia kitu kimekataa kuingia, anasema "itakubali tu," halafu anachukua nyundo. Wa pili ni yule graduate anayeamini hesabu za uhandisi ni za waliovaa joho. Wote wawili wanahitaji kitu kimoja, na kiko kwenye simu yako sasa hivi, bure: lahajedwali. Ndiyo, ile Excel ama Google Sheets unayoitumia kuandika michango ya chama.

Kwa wageni hapa: mimi niliacha uhandisi wa mitambo mwaka wa pili, karo ilipokataa kabisa. Siku hizi natengeneza video za lahajedwali hapa Syokimau. Nyingi ni za bajeti na za biashara ndogo. Lakini hesabu ambayo imenilipa heshima kuliko zote ni ya tolerensi, na hakuna aliyewahi kuniuliza cheti ndio nikaifanya.

Tolerensi ni nini? Ni nafasi ya kukosea uliyoikubali mapema. Hakuna kitu duniani kinakatwa sawasawa. Ukiomba kipande cha milimita 596, utapata 595, ama 597, ama 596 na nusu. Fundi mzuri hakosi kukosea. Anajua tu anakosea kwa kiasi gani. Ukiandika 596 ±2, umesema: nikipata kati ya 594 na 598, sina maneno.

Shida inaanza vipande vikipangwa pamoja. Haba na haba hujaza kibaba, wahenga walisema, na milimita nazo ni hivyo hivyo. Mbili hapa, mbili pale, ghafla kabati halitoshi ukutani.

Anko wangu ni seremala. Mwaka jana alipata kazi ambayo ingembadilishia maisha: makabati ya jikoni kwa nyumba 36 kwenye flati mpya huku kwetu. Kwenye makubaliano kulikuwa na mstari mmoja mbaya. Boksi lolote lisipoingia, anakata upya kwa pesa yake, bodi mpya, usafiri mpya. Kwa mtu ambaye faida yake kwa nyumba moja ni ndogo, nyumba tano tu zikikataa, amefanya kazi ya miezi bure.

Nikamwambia, "Anko, si tupige hii hesabu kwanza?" Akaniangalia vile wazee huangalia. "Kijana wangu, mbao haisomi Excel."

Ni kweli haisomi. Lakini sheria za namba inazifuata tu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kutoka ukuta hadi ukuta, mchoro unasema milimita 2,400. Katikati yanaingia maboksi manne ya 596 kila moja. Manne ni 2,384, kwa hivyo unabaki na mwanya wa 16, ambao unazibwa na kipande chembamba cha mbao. Msimamizi wa saiti alisema kuta zinaweza kupotea kwa ±10, kwa sababu plasta ni plasta. Maboksi, mashine ya Anko inakata ±2.

Kwenye lahajedwali, hiyo ni mistari mitano. Safu ya A ni jina la kipimo. B ni alama: +1 kwa ukuta kwa sababu unaongeza nafasi, -1 kwa kila boksi kwa sababu linakula nafasi. C ni kipimo chenyewe. D ni tolerensi. Halafu unaandika hesabu tatu tu:

=SUMPRODUCT(B2:B6,C2:C6) inakupa mwanya wa kawaida. Jibu: 16.

=SUM(D2:D6) inakupa hali mbaya kabisa, yaani kila kitu kikikosea kwa pamoja na kwa upande mbaya. 10 jumlisha 2 mara nne: 18. Mwanya ni 16. Kwa hivyo siku mbaya kabisa, kabati halikubali.

=SQRT(SUMSQ(D2:D6)) ni hesabu ya wasio na hofu. Inasema makosa yasiyotegemeana huwa hayakutani yote upande mmoja. Moja likizidi, lingine linapungua. Unapiga kila tolerensi mraba, unajumlisha, unatafuta kipeo. 100 jumlisha 16 ni 116, kipeo chake ni karibu 10.8. Ni ndogo kuliko 16. Kwa hivyo inakubali.

Sasa mbona majibu mawili? Hapa ndipo watu wengi huchagua lile linalowapendeza na kwenda nyumbani. Lakini angalia ndani ya hiyo 116. Ukuta peke yake umeleta 100. Maboksi yote manne yameleta 16. Maana yake, asilimia 86 ya shida iko kwa ukuta, na Anko alikuwa anafikiria kununua blade ya bei kali ya kukata maboksi sawasawa zaidi! Hiyo pesa ingekuwa imepotea bure.

Hiyo sehemu ilimfanya avute kiti akakaa.

Halafu nikamwonyesha jaribio la Monte Carlo. Jina linatisha lakini asili yake ni ya mtaani kabisa. Mwaka 1946 mwanahisabati Stanislaw Ulam alikuwa anapata nafuu baada ya ugonjwa, anacheza karata peke yake, akajiuliza uwezekano wa kushinda ni kiasi gani. Akaona badala ya kuumiza kichwa na fomula, cheza mara nyingi tu uhesabu. Jina likatoka kwa kasino ya Monte Carlo, kwa sababu mjomba wake Ulam alikuwa anapenda kwenda kucheza kamari huko. Wajomba wamekuwa kwenye hii hesabu tangu mwanzo, si ni hivyo?

Kwenye lahajedwali, kila mstari unakuwa nyumba moja ya kubuni. Kipimo cha ukuta kinaandikwa =NORM.INV(RAND(),2400,10/3), na maboksi vivyo hivyo kwa namba zao. Kugawa kwa 3 ni kudhani kwamba karibu vipande vyote vinaangukia ndani ya tolerensi. Unaburuta chini mistari 1,000, umejenga jikoni 1,000 bila kununua bodi hata moja. Halafu COUNTIF inahesabu ngapi mwanya wake umeshuka chini ya 0. Tulipata sifuri. Anko akafurahi.

Lakini hiyo hesabu ina mtego. Inadhani makosa ni ya bahati nasibu. Je, kile kipande cha kuzuia mbao kwenye mashine kikisogea milimita 3 na hakuna aliyeona? Maboksi yote yanatoka 599. Hayo makosa hayapingani tena, yanaandamana pamoja kama sisi. Manne ni 2,396, mwanya unabaki 4. Nilibadilisha namba moja tu, 596 ikawa 599, na shiti ikajibu: karibu asilimia 13 hazikubali. Kwa nyumba 36, ni kama 5. Zile tano za kumrudisha Anko nyumbani mikono mitupu. Kutoka siku hiyo kipande hicho kinapimwa kila asubuhi kabla ya chai.

Na kuhusu kuta, alifanya kitu rahisi. Alichukua siku mbili akapima jikoni zote 36, juu, katikati na chini, tukaingiza namba. Thelathini na nne zilikuwa sawa. Moja ilikuwa 2,381, nyingine 2,378. Hizo ziko nje kabisa ya ile ±10 tuliyoahidiwa na saiti. Kwa hizo mbili alikata boksi moja jembamba zaidi, kabla gari halijapakiwa.

Mwisho wa kazi, msimamizi akataka kumkata pesa kwa hizo nyumba mbili, ati hazifuati mchoro. Anko hakupiga kelele. Alifungua simu, akaonyesha safu ya vipimo, tarehe, na namba za nyumba. Wakaenda wakapima pamoja. Alilipwa yote. Mimi kwangu hiyo ndiyo maana ya kujua kitu: fundi asiye na digrii amesimama mbele ya mwenye ofisi, na namba ziko upande wake.

Ukijenga shiti yako, tafadhali ilinde. Kuhariri ndiko kunaua. Mwaka 2010 wanauchumi wakubwa, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walitoa utafiti kuhusu madeni ya nchi ambao wanasiasa wa Ulaya na Marekani waliunukuu sana. Mwaka 2013 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, Thomas Herndon, akafungua faili yao ya Excel. Pamoja na mambo mengine aliyoyapinga, akaona fomula ya wastani imeishia mistari mitano mapema. Nchi tano kati ya 20, kuanzia Australia hadi Denmark, zilikuwa nje ya hesabu. Mwanafunzi, wasee. Alifungua tu akaangalia masafa ya fomula.

Kwa hivyo sheria zangu ni chache. Namba inaandikwa mahali pamoja tu, na ina rangi yake. Usiifiche ndani ya fomula. Ukiongeza kipimo, ingiza mstari katikati ya orodha, sio chini yake, halafu bonyeza fomula uone kama imeufikia. Kando ya kila tolerensi andika imetoka wapi: umepima mwenyewe, ama umeambiwa? Na ukibadilisha, hifadhi kopi yenye tarehe.

Na kabla ya yote, angalia kama kipimo cha msingi chenyewe kinakubali. Hapa Syokimau tuna mfano kila siku. Reli ya SGR ina upana wa milimita 1,435. Ile ya zamani, ya treni ya kwenda town, ni 1,000. Ndiyo maana abiria wa kutoka Mombasa anashuka hapa na mizigo yake na kubadilisha treni. Hiyo tofauti ya 435 hakuna tolerensi itaiziba. Huo ni uamuzi, sio kosa la kipimo, na lahajedwali haitakusaidia kujidanganya.

Kama una ndugu anayechomelea mageti, anayekata madirisha ya aluminiamu, ama anayeshona sare za shule nzima, kaa naye jioni moja. Muulize vipande vinavyopangana ni vingapi, na kila kimoja huwa kinapotea kwa kiasi gani. Atajibu haraka kuliko unavyodhani, kwa sababu hizo namba anazo kichwani miaka yote. Ni vile tu hakuna aliyewahi kumwekea safu ya D.