Ndoana Yetu Atavuliwa na Nani?

Sisi tuliolelewa mwambao wa Tanga tulifundishwa tangu utotoni kwamba samaki huja kwa tamaa yake. Unatia chambo, unatupa mshipi, unasubiri. Akila, ndiyo riziki yako ya siku ile. Kwa hiyo, tulipohamia Missouri, jimbo lililo katikati ya Marekani na mbali na kila bahari, na majirani wakatualika kwenda kuvua samaki asiyekula chambo, tulidhani wanatutania.

Hawakuwa wakitania. Samaki huyo, ambaye wenyeji humwita paddlefish, nasi nyumbani tukampa jina la samaki wa kafi, ana pua ndefu iliyo bapa kama kafi la mtumbwi, na pua hiyo huchukua kiasi cha theluthi ya urefu wake. Hana magamba, kama kambare. Na badala ya mifupa migumu ana gegedu, kama papa. Huweza kupita kilo 40, lakini chakula chake ni vijidudu vidogo mno, ambavyo huvichuja majini akiogelea kinywa wazi. Umtilie dagaa, umtilie ngisi, atapita kando yake kana kwamba hakuona kitu.

Ndiyo maana wavuvi humnasa kwa ndoana tupu. Ndoana kubwa yenye panda tatu huzamishwa pamoja na chubwi zito. Mvuvi huuvuta ufito kwa nguvu, huukunja uzi uliolegea, kisha huvuta tena, saa baada ya saa, mpaka ndoana ikutane na ubavu wa samaki apitaye. Sheria ya jimbo huruhusu jambo hilo kwa majira mafupi tu: kuanzia tarehe 15 Machi hadi 30 Aprili, maji yanapopata joto na samaki wanapopanda mto kwenda kutaga. Kila mvuvi ana haki ya samaki wawili kwa siku.

Tulihitilafiana nyumbani kabla ya kwenda. Uhalali wa nyama haukuwa tatizo, kwani sisi tunaofuata madhehebu ya Imam Shafi'i hatushurutishi magamba. Kilichotutatiza ni namna ya kumtoa majini. Dini iliyotuamuru kunoa kisu ili mnyama asiteseke, itasemaje juu ya ndoana inayochoma popote inapoangukia? Hatukupata jibu la kutuliza nyoyo zetu sote. Tukaenda kwa makubaliano kwamba tukiona ukatili, tutarudi.

Mwaka ule wa kwanza tulifanya kosa ambalo mpaka leo tunalionea haya. Fito tuliazimwa, uzi tukanunua wenyewe. Na kwa kubana matumizi tukachukua nailoni ya bei nafuu, yenye uwezo wa kilo 13 hivi. Karibu na Alasiri, ukingoni mwa mto Osage, ufito ulipinda ghafla. Nailoni ikanyooka na kurefuka kama mpira, samaki akageukia mkondo, na uzi ukakatika kwa mlio wa kijiti kikavu. Akaondoka na ndoana yetu mwilini.

Mwanetu, aliyekuwa na umri wa miaka tisa, hakulia. Aliuliza tu: "Baba, ile ndoana yetu atavuliwa na nani?"

Tulirudi nyumbani kimya. Siku zilizofuata alikataa kurudi mtoni, akasema atakwenda siku tutakapojua kumtoa samaki kama tunavyojua kumshika. Hatukuwa na hoja ya kumjibu. Tuligundua kwamba lile swali letu kuhusu ukatili lilikuwa na sehemu iliyo mikononi mwetu wenyewe, nayo ilianzia dukani, siku ya kuchagua uzi.

Majira yote ya baridi tukajifunza kwa wazee wa uvuvi wa pale. Walituambia tuachane na nailoni, kwa kuwa hurefuka: mvuto wa mkono hupotea njiani, na ndoana hushika kijuujuu. Uzi wa kusukwa haurefuki. Tena ni mwembamba kuliko nailoni ya nguvu ileile, hivyo mkondo hauusukumi sana. Tukachukua wenye uwezo wa kilo 36. Aibu yake ni mbili: huchubuka upesi kwenye mawe, na ni mtelezi, kwa hiyo fundo la mazoea hufunguka. Tukajifunza kuukunja uzi mara mbili, kuupitisha kwenye tundu la ndoana, kuufunga, kisha kuipitisha ndoana yenyewe ndani ya kitanzi, kulowesha fundo kwa mate na kulikaza polepole.

Chubwi tulilifunga mwisho wa uzi, na ndoana juu yake kwa kadiri ya mkono mmoja. Lakini chubwi hufungwa kwa kipande cha uzi dhaifu, makusudi. Likinasa kwenye mwamba, hukatika hicho kipande peke yake, nawe hupotezi ila risasi. Mwisho tukabana kwa koleo yale meno madogo yanayoizuia ndoana isichomoke, ili tukitaka kuitoa, itoke bila kurarua nyama.

Mwaka wa pili mtoto akakubali kuja. Saa tano asubuhi samaki akashika, na uzi haukulalamika hata kidogo. Baada ya muda alikuwa ukingoni, mweusi, laini, na macho madogo kama punje za mtama. Sheria ya maji yale hutaka asipungue inchi 34 kutoka jichoni hadi kwenye panda ya mkia, pua haihesabiwi. Mtoto akapima. Inchi 33. Akapima tena. Inchi 33.

Hapakuwa na askari wala jirani karibu. Tulitazamana. Inchi moja ni kitu gani? Lakini tulikwisha kusoma habari zake. Jike huchukua miaka mingi kabla ya kutaga. Bwawa la Bagnell lilijengwa mwaka 1931, na lile la Truman, lililokamilika mwaka 1979, likafunika mazalio yake ya kale. Tangu hapo serikali ya jimbo hukuza vifaranga na kuviachilia majini, vinginevyo asingebaki. Jamaa yake pekee, aliyeishi mto Yangtze huko China, alitangazwa rasmi mwaka 2022 kuwa ametoweka duniani. Basi yule aliyekuwa mikononi mwetu alikuwa amana, na watu wengine walikuwa wamemtolea jasho. Tukalowesha mikono, tukachomoa ndoana, tukamshika majini mpaka akapata nguvu. Akaondoka bila haraka.

Kabla ya Magharibi tulimpata mwingine, wa inchi 38. Safari hii mtoto mwenyewe ndiye aliyeichomoa ndoana, akaitia mfukoni. Nyumbani tuliondoa nyama nyekundu iliyo chini ya ngozi, ambayo ladha yake ni kali, tukabakiwa na nyama nyeupe, nzito, tukaipika kwa tui la nazi. Bakuli la kwanza lilikwenda kwa majirani waliotualika mwanzo.

Ndoana ya mwaka wa kwanza hatujui iko wapi, na hatudai kwamba fundo zuri limeifuta. Lakini sasa, usiku wa kuamkia safari, baada ya Isha, mtoto huketi sakafuni na kuupitisha uzi wote kati ya kidole gumba na cha shahada, akitafuta mchubuko. Akiupata, hutuita, nasi hukata kipande hicho, hata kama ni kirefu, hata kama uzi wenyewe ni ghali.