CHUI MWEUPE WA KAZAN: NEMBO NA WILAYA ZA JAMHURI YA TATARSTAN

Msafiri atokaye Moscow, mji mkuu wa Urusi, akaenda upande wa mashariki kwa treni mwendo wa kilomita 800 hivi, huvuka mto mkubwa uitwao Volga, na baada ya muda si mrefu hufika mji wa Kazan. Juu ya kilima cha mji huo kuna boma la kale lenye kuta nyeupe. Ndani ya boma, msikiti mkubwa wa Kul Sharif, uliofunguliwa mwaka 2005, umesimama karibu na kanisa lililojengwa katika karne ya 16. Huo ndio mji mkuu wa Tatarstan, jamhuri iliyo ndani ya nchi nyingine, yaani ndani ya Urusi. Jamhuri hiyo ina katiba yake, baraza lake la kutunga sheria, bendera yake na nembo yake, lakini jeshi, fedha na mambo ya nchi za nje yote yamo mikononi mwa Moscow.

Eneo lake ni kilomita za mraba 68,000 hivi, na wakazi wake ni kama milioni nne. Zaidi ya nusu yao ni Watatari, ambao wengi wao ni Waislamu. Na karibu wawili katika kila watu watano ni Warusi, ambao wengi wao ni Wakristo. Wamo pia Wachuvashi na makabila mengine. Mito miwili mikubwa, Volga na Kama, hukutana katika nchi hiyo, na tangu zamani wafanyi biashara walipita huko wakiwa na ngozi, nafaka na chumvi.

Nembo ya jamhuri hiyo ilikubaliwa na baraza lake tarehe 7 Februari 1992. Katikati yake yuko chui mweupe mwenye mabawa, amesimama mbele ya jua jekundu, mguu wake mmoja wa mbele ukiwa umeinuliwa. Ubavuni mwake imo ngao ya mviringo yenye ua la petali nane. Kandokando limezunguka pambo la nakshi za Kitatari, na chini limeandikwa jina la nchi. Kila kitu kina maana yake. Jua jekundu ni dalili ya heri. Mguu ulioinuliwa waonyesha ukuu wa mamlaka, na meno na makucha yaonyesha kwamba mwenye nchi aweza kujilinda. Ua la petali nane ni uhai usiokoma. Mkia nao haukusahauliwa, kwani jinsi ulivyochorwa yasemekana ni alama ya urafiki, ili mgeni asidhani kwamba chui huyo yuko tayari kumrukia.

Msomaji wa Kenya hatashangazwa na mambo hayo. Nembo ya Kenya nayo ina ngao inayoshikwa na simba wawili wenye mikuki, jogoo mwenye shoka katikati ya ngao, na chini yake mazao ya shamba kama kahawa, chai, mkonge, pareto na mahindi. Lakini nembo ya Kenya ni ya dola kamili, na ile ya Tatarstan ni ya nchi isiyo na mpaka unaolindwa na askari wake yenyewe. Kwa hiyo yafaa kuuliza: je, chui huyo analinda nini?

Jibu laanzia zamani. Mwaka 922 mfalme wa Wabulgari wa mto Volga aliwapokea wajumbe kutoka Baghdad, na dini ya Kiislamu ikakubaliwa rasmi katika nchi yake. Magofu ya mji wao, Bolgar, yangaliko, na mwaka 2014 yalitiwa katika orodha ya urithi wa dunia. Baadaye Kazan ikawa makao ya dola ya Watatari, mpaka mwaka 1552 jeshi la Mfalme Ivan wa Nne wa Moscow lilipoushambulia mji na kuuteka. Tangu hapo nchi hiyo ikawa sehemu ya Urusi. Mwaka 1920 serikali ya Kisovieti iliifanya jamhuri yenye madaraka ya ndani, nayo ikagawanywa katika kantoni. Kantoni ziliondolewa mwaka 1930, na mahali pake zikaja wilaya.

Leo Tatarstan ina wilaya 43, na miji miwili isiyo chini ya wilaya yo yote, yaani Kazan na Naberezhnye Chelny. Kila wilaya ina baraza lake, na mkuu wa wilaya huchaguliwa na madiwani kutoka miongoni mwao wenyewe, si na raia wote kwa kura. Ndivyo sheria ilivyo. Lakini mtu asiyependwa Kazan hakai katika kiti hicho kwa muda mrefu. Kiti chenyewe ni ngazi ya kupandia. Rustam Minnikhanov, aliyeshika uongozi wa jamhuri mwaka 2010, aliwahi kuongoza utawala wa wilaya ya Vysokaya Gora, iliyo jirani na mji mkuu, kabla ya kufanywa waziri wa fedha mwaka 1996 na waziri mkuu mwaka 1998.

Kila wilaya pia ina nembo yake, na mtu aweza kusoma maisha ya mahali katika nembo hizo. Baadhi zimetokana na zile zilizotolewa mwaka 1781, wakati wa Malkia Catherine wa Pili. Kazan ina joka jeusi lenye mabawa mekundu na taji la dhahabu. Hadithi za wenyeji zasema kwamba kilima cha mji kilijaa nyoka, wakafukuzwa ili watu wajenge. Chistopol, mji wa kando ya mto Kama, ulipewa kipimo cha nafaka, kwa sababu palikuwa na soko kubwa la nafaka. Yelabuga ulipewa ndege aitwaye kigogota, akidonoa kisiki, kwa kuwa ndege hao walikuwa wengi huko. Sviyazhsk ulipewa mji wa mbao juu ya merikebu, na sababu yake ni ya kweli kabisa: mwaka 1551 Warusi walikata magogo mbali upande wa juu wa mto, wakayaelea majini, na kuisimamisha ngome nzima karibu na Kazan kwa muda wa majuma machache tu. Mwaka uliofuata Kazan ikaanguka.

Upande wa kaskazini ipo wilaya ya Arsk, nchi ya wakulima. Mshairi Gabdulla Tukay alizaliwa huko mwaka 1886, akafa Kazan mwaka 1913 akiwa kijana bado. Watatari humheshimu kama vile watu wa pwani yetu wamheshimuvyo Muyaka. Wilaya nyingine iitwayo kwa jina lake ina jambo la ajabu: makao yake makuu ni mji wa Naberezhnye Chelny, na mji huo haumo katika wilaya hiyo! Mkulima mwenye shauri huingia mjini kumwona mkuu wake, na mji ule si wa mkuu huyo. Chelny ni mji wa viwanda wenye watu zaidi ya nusu milioni, na lori la kwanza la KAMAZ lilitoka huko mwaka 1976.

Kusini, katika wilaya ya Spassk, maji yalibadili ramani. Bwawa kubwa la mto Volga lilipojaa katika miaka ya 1950, mji wa zamani wa Spassk ulizama, na watu wakahamishiwa mahali pa juu. Mji huo mpya uliitwa Kuybyshev, kwa jina la kiongozi wa Kisovieti, mpaka mwaka 1991 ulipopewa jina la Bolgar. Bwawa lilo hilo ndilo lililoizunguka Sviyazhsk na kuifanya kisiwa. Upande wa kusini mashariki hali ni nyingine. Huko, mwaka 1948, ziligunduliwa hazina kubwa za mafuta ya ardhini katika uwanja wa Romashkino, na kijiji cha Almetyevsk kikawa mji mwaka 1953. Mapato ya mafuta hayo ndiyo yaliyoipa jamhuri sauti mbele ya Moscow.

Yelabuga, mji wa kigogota, jina lake limefika hata Afrika ya Mashariki, lakini si kwa habari njema. Karibu na mji huo kuna eneo la viwanda liitwalo Alabuga. Mwaka 2024 shirika la habari la Associated Press lilieleza kwamba wasichana kutoka Uganda, Rwanda, Kenya na nchi nyingine waliahidiwa kazi na masomo, kisha baadhi yao wakajikuta wakiunganisha ndege za vita zisizo na rubani. Kiwanda hicho kilikuwa kimekwisha kushambuliwa mwezi wa Aprili mwaka huo. Wazazi wenye binti wanaotafuta kazi ng'ambo wataona umuhimu wa kuuliza sana kabla ya kutia sahihi.

Pamoja na hayo yote, wilaya zina furaha zao. Kila mwaka, kazi ya kupanda ikiisha na mwezi wa Juni ukikaribia, husherehekewa Sabantuy, maana yake sikukuu ya plau. Huanza vijijini na wilayani, na Kazan hufuata baadaye. Farasi hushindanishwa, na vijana hupigana mwereka kwa kushikana viunoni kwa mishipi ya kitambaa. Bingwa hupewa kondoo dume, akambeba mabegani mbele ya watu wote. Warusi na Wachuvashi huja kushangilia pamoja na Watatari, wala hapana aulizaye dini ya mtu.

Sasa turudi kwa chui. Tarehe 30 Agosti 1990 Tatarstan ilitangaza kwamba ina mamlaka yake yenyewe. Katika kura ya maoni ya Machi 1992, watu zaidi ya sita katika kila kumi waliopiga kura walikubali. Mwaka 1994 Kazan na Moscow zilitia sahihi mapatano ya kugawana madaraka, bila risasi kulia, wakati Chechnya ilipokuwa inaelekea vitani. Lakini mapatano yaliyofuata yalikwisha mwaka 2017, wala hayakufanywa mengine. Mwaka huo huo somo la Kitatari, lililokuwa la lazima kwa watoto wote wa shule, liliachwa kwa hiari ya wazazi. Hata herufi hazikuachwa. Kitatari kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama Kiswahili cha kale, kisha kwa Kilatini, kisha kwa herufi za Kirusi. Na Kazan ilipotaka kurudi kwenye Kilatini, sheria ya Urusi ya mwaka 2002 ilikataza.

Mwisho lilikuja suala la jina. Mwaka 2021 Urusi iliagiza kwamba hapana kiongozi wa jamhuri ya ndani atakayeitwa kwa cheo cha mkuu wa dola. Mwaka 2023 Kazan ililiacha neno lile la zamani, na badala yake ikachukua neno la Kiarabu, ambalo kwa Kitatari ni mwenyekiti tu. Neno hilo ni Rais! Kwa Kiswahili hilo ndilo jina la mkuu wa dola, kama vile kitap ni kitabu, dönya ni dunia, na xäbär ni habari.

Kenya nayo iliwahi kuwa na majimbo mwaka 1963 na 1964, yakaondolewa. Na tangu 2013 ina kaunti 47, kila moja na haki ya kuwa na nembo yake. Wananchi wa kaunti hizo huona upesi alama mpya juu ya lango la ofisi. Yafaa waangalie pia fedha zinazofika, sheria zinazotungwa, na lugha wanayofundishwa watoto wao. Chui wa Kazan hajapoteza jino hata moja katika picha, ijapokuwa mengi aliyowekwa kuyalinda yamepunguzwa. Yaliyobaki yamo katika vijiji vya Arsk na mahali kama hapo, ambako mama bado husema na mtoto wake Kitatari pasipo kulazimishwa na sheria. Wazee wetu walisema, mwacha asili ni mtumwa.