Tulivyokwama Mlima Kitonga

Ndugu msomaji, ukitoka Morogoro kwenda Iringa, utapita barabara kuu iendayo Zambia. Ni safari nzuri, lakini inataka gari zima. Mwaka jana niliipita kwa gari la dizeli la zamani, lenye umri wa zaidi ya miaka 30. Nilijifunza jambo ambalo nataka wewe pia ulijue.

Nilibeba chanjo ya kideri ndani ya sanduku la barafu. Wanakijiji walikuwa wananingoja karibu na Ilula. Alfajiri wangewakamata kuku wao kabla hawajatoka bandani. Chanjo hiyo haitaki joto. Barafu ikiisha njiani, chanjo inaweza kuharibika.

Tulipita Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Barabara inapita ndani ya hifadhi kwa kilometa 50 hivi. Tuliona twiga, pundamilia na tembo. Gari lilikwenda vizuri.

Kisha tukafika Ruaha Mbuyuni. Hapo pana joto kali na mibuyu mingi. Mto Ruaha Mkuu unapita hapo, na maji yake yanakwenda Mto Rufiji. Wakulima wanamwagilia vitunguu kwa mifereji. Vitunguu huuzwa kando ya barabara.

Gari linazimika

Mbele ya hapo ndipo ulipo Mlima Kitonga. Barabara inapanda kwa kona nyingi. Upande mmoja ni mwamba, upande wa pili ni bonde refu. Malori mazito hupanda polepole sana.

Tulipoanza kupanda, gari likaishiwa nguvu. Likakohoa, kisha likazimika. Dereva wetu, mzee wa siku nyingi, aliliweka pembeni. Tuliweka mawe nyuma ya magurudumu. Tulikata matawi tukayaweka barabarani, mbele na nyuma, ili madereva wengine waone.

Ilikuwa saa 9 alasiri. Nilifungua sanduku. Barafu ilianza kuyeyuka.

Nikasema, "Mzee, tufungue nozeli. Bila shaka zimeziba."

Akanijibu, "Bwana Shamba, tulia. Vitunguu vikinyauka, unaanza kung'oa mizizi? Si unafuata mfereji tangu mtoni? Mafuta nayo yana mfereji wake."

Kufuata njia ya mafuta

Kwanza alinituma nitazame bomba la moshi. Akapiga starta. Hakuna moshi uliotoka. Akasema, "Mafuta hayafiki kwenye injini. Yangefika, tungeona moshi mweupe."

Pili, alifungua tangi akachovya kijiti kisafi. Mafuta yalikuwapo. Tena alisikiliza kama kifuniko kinanyonya. Kifuniko kisipopitisha hewa, mafuta hayavutiki. Kifuniko kilikuwa kizima.

Tatu, alifungua kikombe kinachokusanya maji na taka kabla ya pampu. Maji yalitoka, na uchafu mweusi. Niliona aibu. Asubuhi ni mimi niliyesema tujaze kutoka kwenye pipa lililokaa nje, bila kuchuja. Tulikisafisha kikombe, lakini gari halikuwaka.

Nne, alilegeza skrubu ya kutolea upepo iliyo juu ya filta. Akapiga pampu ndogo kwa mkono. Mafuta yakatoka na mapovu. Alipiga tena na tena, mapovu hayakwisha. Akasema, "Kuna mahali hewa inaingia."

Tano, alipapasa mpira wa mafuta unaotoka tangini kwenda kwenye pampu. Karibu na klipu palikuwa na ufa mdogo. Nikauliza, "Mbona haumwagi mafuta?"

Akaeleza, "Upande huu pampu inavuta. Mpira ukipasuka, huingiza hewa. Kwenye tambarare injini inataka mafuta kidogo, kwa hiyo ilivumilia. Mlimani inataka mengi, ikakosa."

Aliukata mpira kidogo palipopasuka, akaurudisha na kuukaza klipu. Akapiga tena pampu. Mapovu yakaisha, yakatoka mafuta matupu. Akakaza skrubu na kupiga starta. Kwanza moshi, halafu mngurumo.

Tulifika kijijini usiku. Barafu ilikuwa imebaki vipande vichache. Alfajiri, kila kuku alipata tone lake jichoni.

Somo kwetu

Ndugu msomaji, hata kama huna gari, huenda kijiji chako kina mashine ya kusaga au pampu ya maji ya dizeli. Njia ya mafuta inafanana. Kwa hiyo kumbuka:

1. Chuja dizeli kwa kitambaa safi unapojaza. Funika pipa, mvua isiingie.
2. Toa maji na taka kwenye kikombe mara kwa mara. Badili filta kwa wakati wake.
3. Kagua mipira. Iliyokauka na kupasuka ibadilishwe.
4. Mashine ikizimika, anza tangini, fuata njia ya mafuta hatua kwa hatua.
5. Usivute sigara karibu na mafuta. Usiweke mkono mbele ya nozeli inayorusha mafuta. Nguvu yake hupenya ngozi. Kazi hiyo mwachie fundi.

Ningefungua nozeli siku ile, tungelala Kitonga na chanjo ingeharibika. Ufa ulikuwa mdogo kuliko ukucha.