UKIONA "COMMAND NOT FOUND" USIKIMBILIE KUFUTA WINDOWS

Wadau, vijana wengi wa kompyuta wana tabia moja: kitu kidogo kikigoma, wanataka kupiga chini Windows yote waweke Linux. Kuna jamaa mmoja nusura afanye hivyo kwenye kompyuta ya dada yake, ile ile inayochapa mitihani na kadi za harusi pale steshenari. Kisa? Kaandika wget ndani ya Git Bash, ikamjibu "command not found". Washkaji wakamjaza upepo: futa! Dada mtu akauliza swali moja tu: "Mdogo wangu, ukifuta, kesho tunakula nini?"

Hapo ndo jamaa akatulia, akasoma. Kumbe Git Bash inakuja na vifaa vichache: curl, grep na ssh vimo, wget haimo. Na bash yenyewe haina amri hiyo kichwani. Inapita kwenye folda zilizoorodheshwa kwenye PATH, ikikosa faili inakata tamaa. Basi akatengeneza folda iitwayo bin ndani ya folda ya mtumiaji, akaweka humo wget.exe ya Windows kutoka sehemu ya kuaminika, maana exe ya kuokota inaweza kuwa virusi. Akafunga Git Bash, akaifungua upya. Ikaitika!

Kazi za dada hazikuguswa hata moja. Kinachokosekana huongezwa, nyumba haivunjwi kwa kukosa kijiko. Wangapi wameshafuta vya watu kwa presha ya washkaji?