Ponti haikatiki siku moja: neno kwa madereva na abiria wa barabara ya Uvira–Kamanyola

Luberizi, wilaya ya Uvira.

Mvua ikirudi katika bonde la Ruzizi, barabara ya taifa namba 5 inakuwa habari ya kila siku. Kati ya Uvira na Kamanyola, ukipita Kiliba, Sange, hapa Luberizi na Luvungi, juma halipiti bila kuona gari limesimama kando ya njia, limeinuliwa kwa jeki na mawe, abiria wamekaa juu ya mizigo yao. Ukiuliza kuna nini, mara nyingi jibu ni fupi: «Ponti imekatika.»

Ponti ndiyo ile sehemu yote ya chini inayounganisha magurudumu mawili ya nyuma: katikati kuna kile kichwa cha mviringo chenye meno, na kila upande kuna ekseli, chuma kirefu kinachozungusha gurudumu. Chuma hicho au meno hayo yakivunjika, safari imekwisha.

Wengi wanasema ni bahati mbaya. Mimi ninasafiri njia hii mara kwa mara kwa kazi ya kuwaletea habari, na nimekaa masaa mengi kando ya barabara nikiangalia mafundi wakifungua magurudumu. Nimeuliza maswali mengi, na nimeelewa jambo moja: ponti haikatiki siku moja. Inakatwa kidogo kidogo, tena mbele ya macho yetu.

Niwape mfano mmoja. Msimu wa mvua uliopita nilikuwa ndani ya Hiace iliyokuwa inateremka Uvira. Watu walijaa, juu kulikuwa na magunia ya mchele na ya makala. Tulipoingia kwenye matope gurudumu la nyuma likateleza, dereva akakanyaga mafuta. Tairi likashika jiwe, likaachia, likashika tena, na nyuma ya gari ikaanza kurukaruka, ta-ta-ta-ta, mpaka meno yetu yakagongana. Mama mmoja akasema: «Papa shofere, polepole!» Naye akajibu: «Mama, nikiachia mafuta tutalala hapa.» Akazidisha. Mara tukasikia mlio mmoja mkali, na watu wakainama wakidhani ni risasi. Moteri iliendelea kunguruma, lakini gari halikusogea tena.

Tulilala pale pale. Kati yetu kulikuwa na mzee aliyekuwa anapelekwa hospitalini Uvira. Ilibidi awekwe kwenye pikipiki usiku ule, amebanwa katikati ya mwendeshaji na mtoto wake ili asianguke. Alifika, Mungu ni mwema. Lakini si kila mgonjwa angefika.

Asubuhi fundi alikuja, akavuta ile ekseli iliyovunjika, akanionyesha pale ilipokatika. Sehemu moja ya mkato ilikuwa nyeusi na laini, sehemu nyingine ilikuwa inang'aa, yenye chembechembe. Akanieleza: palipo nyeusi ni ufa wa zamani, umekuwa ukitembea ndani ya chuma kwa muda mrefu. Palipong'aa ndipo palipokatika jana. Matope yale yalimaliza tu kazi iliyokwisha kuanza.

Kazi hiyo inaanzaje? Moteri inapovuta kwa nguvu, ponti inataka kujizungusha yenyewe, na springi za sahani zinazoishika zinajipinda. Tairi likiteleza, springi zinajinyoosha ghafla. Tairi likishika tena, zinajipinda tena. Hapo ndipo kurukaruka kunapotoka. Kila tairi linapotua na kushika, ekseli inapata pigo kama la nyundo. Mapigo kumi ya hivyo yanaumiza chuma kuliko safari nzima ya polepole. Ukiongeza mzigo uliozidi na amortisa zilizokufa, unajua mwisho wake.

Wala si ugonjwa wa magari yetu makuukuu peke yake. Huko Marekani, Chevrolet Camaro ya mwaka 1967, gari la watu wapendao mbio, ilikuwa na springi ya sahani moja tu kila upande wa nyuma. Wenye moteri kubwa walipoondoka kwa kishindo, magurudumu ya nyuma yaliruka vilevile. Mwaka 1968 kiwanda kikabadilisha: amortisa moja ikawekwa mbele ya ponti na nyingine nyuma yake, ili ponti isipate nafasi ya kujipinda. Ukiinama chini ya baadhi ya pikapu zinazopita hapa utaona amortisa zimepangwa hivyo hivyo. Kama gari lako liko hivyo, usimruhusu fundi azipange upya kwa sababu anaona hazilingani.

Kuna jambo jingine ambalo abiria wengi hawalijui. Kwenye Fuso, na kwenye Land Cruiser ngumu zile za kubeba mizigo, uzito wa gari unabebwa na ganda la ponti. Ekseli kazi yake ni kuzungusha tu. Ikikatika, gari linasimama, lakini gurudumu linabaki mahali pake. Kwenye Hiace na magari mengi madogo, ekseli hiyo hiyo inazungusha na kubeba uzito, na gurudumu limefungwa kwenye ncha yake. Ikikatika karibu na gurudumu, gurudumu linaweza kutoka na kwenda zake, na gari lina watu ndani. Kwenye matope ni kulala njiani. Kwenye mteremko wa Ngomo ni msiba.

Basi tufanye nini? Haya ndiyo niliyokusanya kwa mafundi mbalimbali, na wote wanakubaliana.

Kwanza, nyuma ikianza kuruka, achia mafuta mara moja. Usishindane nayo. Shusha abiria, shusha magunia, weka mawe au majani chini ya tairi, kisha ondoka taratibu. Kuachia ambreyaji kwa ghafla huku moteri inanguruma ndiko kunakovunja.

Pili, angalia amortisa, mipira ya springi, na vile vyuma vya umbo la U vinavyofunga springi kwenye ponti. Vikilegea, ponti inacheza. Barabara yetu inavilegeza upesi, kwa hiyo vikazwe mara kwa mara.

Tatu, tairi mbili za nyuma zilingane kwa ukubwa na kwa upepo. Zisipolingana, meno ya ponti yanasagana hata kwenye njia iliyonyooka.

Nne, mafuta ya ponti. Juu ya ponti kuna kitundu kidogo cha kupumulia. Kikizibwa na matope, joto linasukuma mafuta nje kupitia kwenye mipira ya magurudumu. Na ponti yenye joto ikiingia ghafla kwenye maji baridi ya mto, inavuta maji ndani. Mafuta yakiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia: yamwagwe yote, yatiwe mapya.

Tano, ekseli iliyokatika haichomelewi. Moto wa kuchomelea unaua ugumu wa chuma. Anayekuambia itafika Bukavu hajui itaishia wapi. Bora ya mtumba isiyo na ufa kuliko iliyoungwa.

Sisi wa njia hii hatuna haja ya kufundishwa ajali ni nini. Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka pale Sange, likawaka moto, na watu zaidi ya 200 wakafa. Sisemi kwamba ilikuwa ponti. Ninasema tu kwamba gari likishindwa kwenye barabara hii, linashindwa katikati ya watu.

Najua madereva watanijibu: mwenye gari anataka hesabu yake kila jioni, na magunia mawili ya ziada ndiyo chakula cha nyumbani. Ni kweli. Lakini ekseli ikikatika, gari halileti hesabu siku ngapi? Wenye magari, ninyi ndio mnaopaswa kusikia hilo kwanza, maana dereva anafuata hesabu mliyomwekea.

Na sisi abiria tusikae kimya. Kabla ya kupanda, zunguka nyuma ya gari. Tazama upande wa ndani wa gurudumu: kama mafuta yametiririka, au kama gari limeinama upande mmoja, mwambie dereva kwa heshima. Mkiwa njiani mkasikia mvumo nyuma unaopanda kadiri gari linavyokimbia, mwambieni asimame aguse gurudumu. Likichoma mkono, msiendelee. Mtachelewa, ndiyo, lakini mtafika.