Mche kwenye Meza ya Mavuno

Sikukuu ya mavuno katika mtaa wetu wa kanisa, Muleba, ilikuwa ya ndizi. Mikungu ilirundikwa mbele ya madhabahu mpaka wazee wa kanisa wakakosa pa kupita, kando yake kahawa, maharage na kuku waliofungwa miguu. Baada ya ibada vilinadiwa nje, kwenye kivuli cha mkaratusi. Mti ule nilidhani upo tangu uumbaji.

Kumbe bibi yangu alikuwa ameuzidi umri. Alilikumbuka bonde la chini ya kanisa likiwa na misizi na mikuyu, na chemchemi isiyokauka hata Julai. Baadhi ya miti ile waumini wa mwanzo waliikata kwa kuwa wazee walitambikia chini yake. Kisha ikapandwa mikaratusi, ikauzwa nguzo, kanisa likapata bati. Siwalaumu. Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Nani angewaza kwamba bonde litapungukiwa maji?

Likapungukiwa. Nilipoingia darasa la kipaimara, mwanzoni mwa miaka ya 1990, tulipanga foleni ya ndoo tangu alfajiri. Jumapili tuliomba mvua, Jumatatu tukarudi kwenye foleni.

Ndipo akaja mwinjilisti mpya. Jumamosi moja alitushusha bondeni, akatusimamisha kuzunguka kidimbwi kilichobaki. "Wanangu, semeni sehemu ya kwanza ya Imani, na maelezo yake." Tulikariri. Katika Katekisimu Ndogo, Luther anataja hata mashamba na mifugo kuwa zawadi za Muumba, nasi maneno hayo tulikuwa tumeyamudu vizuri mno, kama wimbo wa kuruka kamba. Lakini kuyasema mbele ya tope lile! Sauti zetu zilififia moja baada ya nyingine. Yeye hakuongeza neno. Alivua viatu, akaanza kuzibua mkondo kwa jembe.

Ilichukua miaka kung'oa mikaratusi ya karibu na maji, maana ndiyo iliyokuwa ikiyanywa, na maneno yalikuwa mengi, kwa kuwa ilikuwa mali ya mtaa. Sheria ya Mazingira ya 2004, inayolinda mita 60 kutoka chanzo cha maji, ilituongezea nguvu. Na mwaka 2015, Papa Francis alipotoa Laudato Si', waraka wake wa kutunza mazingira, majirani zetu Wakatoliki walishuka na majembe yao tukachimba pamoja.

Lakini siku ninayoikumbuka zaidi ni ya mavuno, baada ya mnyauko wa migomba kuingia Muleba mwaka 2006. Meza ilikuwa tupu kuliko wakati wowote. Mama mmoja mjane, aliyefyeka karibu kibanja chake chote cha migomba, alileta mche wa msizi kwenye kopo la mafuta. Mnadani ulipita bei ya jogoo. Aliyeununua alipotaka kuondoka nao, yule mama alimshika mkono, akamwonyesha njia ya bondeni.